Kulisha Mikrokontrola kwa Betri ya Volti 12 Bila Kuifilisi Betri

Kifaa kinachojengwa hapa kinachunga maji ya tangi la juu ya paa. Ndani ya tangi kuna maboya mawili yenye swichi, moja juu na moja chini. Mikrokontrola inaamka kila baada ya dakika 10, inasoma maboya, inatuma habari kwa redio ndogo hadi ndani ya nyumba, kisha inarudi kulala. Umeme wake unatoka kwenye betri ya asidi iliyofungwa ya volti 12, ampea-saa 7, ile ya ving'ora na UPS ambayo haikosekani Kariakoo wala Luthuli Avenue.

Betri hiyo ipo kwa sababu inaendesha pia king'ora, ambacho mwongozo huu haukigusi. Kama huna sababu ya namna hiyo, usinunue betri ya volti 12 kwa ajili ya mikrokontrola peke yake. Betri kavu mbili za AA zingeilisha moja kwa moja, na nusu ya kazi iliyoelezwa hapa isingehitajika.

Maneno manne yatatumika kwa maana moja tu mpaka mwisho:

Regulata nyoofu: chipu inayoshusha volti kwa kugeuza zilizozidi kuwa joto. Mkondo unaoingia ni sawa na unaotoka, ukijumlisha matumizi yake ya ndani.

Regulata ya kukatakata: chipu inayoukata umeme maelfu ya mara kwa sekunde na kuulainisha kwa koili. Mkondo unaoingia huwa mdogo kuliko unaotoka, kabla ya kujumlisha matumizi yake ya ndani.

Matumizi ya ndani: mkondo ambao regulata inakula yenyewe hata kama haijaunganishwa na mzigo.

Mkondo wa wastani: jumla ya mkondo wa kuamka na wa kulala, kila mmoja ukizidishwa kwa muda wake, ikigawanywa kwa muda wote.

Vifaa: multimita inayosoma hadi milivolti 0.1, chuma cha kulehemu chenye ncha nyembamba na risasi yake, kibano, ubao wa matundu, bodi ya Arduino Pro Mini ya volti 3.3 yenye ATmega328P ya megahezi 8. Kiprogramu cha USB cha volti 3.3, regulata HT7533-1, redio nRF24L01+ ya kawaida, dayodi 1N4007, fyuzi ya miliampea 500 na nyumba yake, kapasita mbili za elektroliti za mikrofaradi 10, volti 35, kapasita ya tatu ya aina hiyohiyo kwa ajili ya redio, kapasita ya seramiki ya nanofaradi 100, rezista za omu 100 (asilimia 1), omu 330, kiloomu 220 na megaomu 1.

Hatua ya 1. Chaji betri mpaka ijae, kisha ondoa chaja

Iache betri saa 24 bila kuunganishwa na chochote, kisha pima volti kwenye ncha zake. Isomeke 12.6 au zaidi. Ikisoma chini ya 12.4 baada ya kupumzika, betri imechoka, tafuta nyingine. Andika volti na tarehe kwenye kipande cha tepu ukibandike ubavuni mwa betri. Namba hiyo itahitajika tena kwenye Hatua ya 10.

Hatua ya 2. Kokotoa mkondo wa wastani kabla ya kuchagua regulata

Kifaa kikiwa macho kinakula takriban miliampea 20: redio ikisikiliza ni 13.5, na nyingi ya zilizobaki ni za mikrokontrola. Kinakaa macho sekunde 2 katika kila sekunde 600. Kwa hiyo:

20 × 2 ÷ 600 = miliampea 0.067, yaani mikroampea 67.

Mkondo wa kulala utaongezwa baadaye, ukishapimwa. Kama sensa zako ni tofauti na hizi, weka namba zako badala ya 20, 2 na 600, na usiruke hesabu hii. Hatua inayofuata inasimama juu yake.

Hatua ya 3. Chagua regulata kwa matumizi yake ya ndani

Muuzaji atakupa regulata ya kukatakata yenye LM2596 na kukuambia kwamba haipotezi umeme. Kwa mzigo wa ampea moja ana haki. Kwa mzigo wa mikroampea 67 atakuponza, kwa sababu LM2596 ina matumizi ya ndani ya karibu miliampea 5, mara 75 ya kile unachotaka kulisha. 7805 na AMS1117 ni regulata nyoofu, lakini nazo ziko kwenye miliampea 5 hizohizo. Miliampea 5 kwa saa 24 ni miliampea-saa 120. Betri ya ampea-saa 7 haitakiwi kushushwa chini ya nusu, maana kuishusha zaidi kunafupisha maisha yake. Hiyo nusu, ampea-saa 3.5, itaisha kwa siku 29 hata kama mikrokontrola haikuamka hata mara moja.

Mpaka kati ya aina hizi mbili unaweza kukokotolewa. Chukua regulata ya kukatakata yenye ufanisi wa asilimia 85, ikishusha volti 12.5 hadi 3.3. Kila miliampea 1 inayotoka inahitaji miliampea 0.31 kuingia. Ongeza matumizi ya ndani ya miliampea 5. Regulata nyoofu yenye matumizi ya ndani madogo inahitaji miliampea 1 kwa kila miliampea 1. Njia mbili zinalingana mkondo wa wastani ukiwa miliampea 7.2. Chini ya hapo, regulata nyoofu ndiyo inayobana betri, ingawa inachoma karibu robo tatu ya kila inachopokea. Zipo regulata za kukatakata zilizotengenezwa kwa mizigo midogo, kama TPS62125 yenye matumizi ya ndani ya mikroampea 13, na hizo zingeshinda hapa. Lakini ni chipu ndogo mno kulehemu kwa mkono bila bodi maalumu, na Hatua ya 10 itaonyesha kwa nini ushindi huo hauna faida kubwa.

Kwa hiyo tumia HT7533-1: matumizi ya ndani mikroampea 2.5, mkondo wa juu miliampea 100, na inahimili volti 24 kwenye ingizo. Kabla ya kulipa, thibitisha mambo matatu:

a) Soma maandishi kwenye chipu kwa kikuza. HT7333-A ina umbo lilelile lakini ukomo wake ni volti 12. MCP1702, inayosifiwa sana, inaishia 13.2. Betri hii ikiwa kwenye chaja hufika 14.4.

b) Soma mpangilio wa miguu kwenye karatasi ya vipimo ya chipu uliyoishika. Kwa HT7533-1 yenye miguu mitatu, upande bapa ukikutazama na miguu ikielekea chini, kutoka kushoto ni: hasi, ingizo, tokeo. LP2950, ambayo inaweza kuwa mbadala, ina tokeo kushoto, hasi katikati na ingizo kulia. Ukizibadilisha bila kubadilisha waya, utaunguza.

c) Hakikisha mzigo wa kudumu hauzidi miliampea 30. Betri ikiwa kwenye volti 14.4, miliampea 30 zinageuka wati 0.31 za joto ndani ya chipu ambayo ukomo wake ni wati 0.5. Moduli za GSM na ESP32 hazifai hapa kabisa.

Hatua ya 4. Andaa bodi ya Pro Mini

4.1. Thibitisha kasi kwanza, kabla ya kukata chochote. Unganisha kiprogramu cha volti 3.3. Chagua kwenye programu Pro Mini ya volti 3.3, megahezi 8. Pakia programu ya kuwasha taa ya mguu wa 13 kwa sekunde 1 na kuizima kwa sekunde 1. Hesabu mimweko 10 huku ukitazama saa. Sekunde 20: endelea. Sekunde 10: umeuziwa bodi ya megahezi 16. ATmega328P kwa volti 3.3 haijaruhusiwa kwenda kasi hiyo; itafanya kazi leo na kukwama siku ya joto. Irudishe.

4.2. Chomoa kiprogramu.

4.3. Ng'oa taa ya umeme, ile inayowaka muda wote bodi ikiwa na umeme. Ipashe moto pande zote mbili kwa zamu, kisha iinue kwa kibano. Usiguse taa ya mguu wa 13. Hiyo inawaka ikiamriwa tu.

4.4. Ng'oa regulata ya bodi, chipu ndogo ya miguu mitano karibu na tundu la RAW. Ukiiacha, itanyonya mkondo kinyumenyume kutoka kwenye VCC.

4.5. Pima ukinzani kati ya VCC na GND. Ukisoma chini ya omu 100, risasi imeunganisha mahali pasipotakiwa. Safisha, pima tena.

Kuanzia sasa tundu la RAW halitumiki.

Hatua ya 5. Jenga njia ya umeme bila mikrokontrola

Lehemu kwenye ubao wa matundu kwa mpangilio huu, ukianzia kwenye chanya ya betri. Betri yenyewe isiunganishwe bado.

5.1. Waya wa chanya, kisha fyuzi, isizidi sentimita 15 kutoka kwenye ncha ya betri. Mwisho wa fyuzi ni nukta A.

5.2. Rezista ya omu 100 kutoka nukta A hadi nukta B. Hii ni ya kupimia na itaondolewa mwishoni.

5.3. Rezista ya megaomu 1 kutoka nukta B hadi nukta M. Ya kiloomu 220 kutoka nukta M hadi hasi. Kapasita ya seramiki ya nanofaradi 100 sambamba na hiyo ya kiloomu 220. Nukta M itasomwa na mikrokontrola ili ijue hali ya betri. Kapasita ina sababu: kisomaji cha ATmega328P kinataka chanzo chenye ukinzani usiozidi kiloomu 10, na kigawa volti hiki ni kikubwa mno. Kapasita inakopesha umeme kwa muda wa kusoma.

5.4. Dayodi 1N4007 kutoka nukta B hadi nukta C, mstari wa fedha ukiwa upande wa C.

5.5. Ingizo la regulata kwenye nukta C, mguu wa hasi kwenye hasi, tokeo kwenye nukta D.

5.6. Kapasita ya elektroliti ya mikrofaradi 10 kati ya C na hasi, nyingine kati ya D na hasi. Angalia upande wa hasi ulioandikwa kwenye ganda. Kwenye nukta C usiweke seramiki badala ya elektroliti: rezista ya kupimia ikishaondolewa, waya mrefu na seramiki vinaweza kuruka hadi karibu mara mbili ya volti za betri unapounganisha, na mara mbili ya 14.4 inavuka ukomo wa regulata.

Hatua ya 6. Pima njia ya umeme ikiwa tupu, kisha ikiwa na mzigo

6.1. Unganisha hasi ya betri, kisha chanya.

6.2. Pima nukta D dhidi ya hasi: kati ya 3.2 na 3.4. Nje ya hapo, tenganisha chanya mara moja na urudi Hatua ya 5.

6.3. Weka multimita kwenye milivolti, ncha moja A na nyingine B. Kwa rezista ya omu 100, kila milivolti 0.1 ni mikroampea 1. Subiri dakika 5 ili kapasita mpya zitulie. Tarajia milivolti 1.2 hadi 1.6: mikroampea 10 za kigawa volti, 2.5 za regulata, na zilizobaki ni uvujaji wa elektroliti. Ukisoma milivolti 500, yaani miliampea 5, chipu uliyonayo si HT7533-1, hata iandikwe nini mgongoni.

6.4. Shikiza rezista ya omu 330 kati ya D na hasi. Kati ya A na B sasa isomeke volti 0.9 hadi 1.1, na D ibaki kati ya 3.2 na 3.4. Ondoa rezista ya 330. Tenganisha betri.

Njia hii ya kupima ni bora kuliko kuiweka multimita kwenye mikroampea. Kwenye mikroampea, kifaa kikiamka na kudai miliampea 20, multimita yenyewe inakaba umeme na mikrokontrola inajizima. Hapa omu 100 zikibeba miliampea 20 zinapoteza volti 2 tu, na regulata bado ina volti za kutosha.

Hatua ya 7. Laza mikrokontrola moja kwa moja na upime

7.1. Pakia programu ya majaribio. Iweke miguu yote isiyotumika kuwa INPUT_PULLUP, kisha, kwa maktaba ya LowPower, iamuru hivi:

LowPower.powerDown(SLEEP_FOREVER, ADC_OFF, BOD_OFF);

7.2. Chomoa kiprogramu chote, si waya wa umeme peke yake. Waya za data nazo hulisha bodi kwa siri na kuharibu kipimo.

7.3. Unganisha nukta D kwenye VCC, hasi kwenye GND, nukta M kwenye A0. Unganisha betri.

7.4. Soma A hadi B. Isizidi namba ya 6.3 kwa zaidi ya milivolti 0.2. Mikrokontrola iliyolala bila saa hula chini ya mikroampea moja.

7.5. Badilisha SLEEP_FOREVER iwe SLEEP_8S ndani ya kitanzi, pakia, chomoa, pima tena. Iongezeke milivolti 0.3 hadi 0.8. Hiyo ni saa ya ndani inayoiamsha. Kulala dakika 10 ni kurudia usingizi wa sekunde 8 mara 75. Saa hiyo si sahihi sana, hivyo usishangae dakika 10 zikiwa 9 au 11.

Jedwali la kutafuta kosa halihitajiki hapa. Ikizidi kwa miliampea 1 au zaidi, taa ya bodi haikung'oka. Ikizidi kwa mikroampea 100 hadi 300, ADC (kisomaji cha volti) haikuzimwa au regulata ya bodi bado ipo. Ikizidi kwa 20 hivi, BOD (kilinzi cha volti zikishuka) haikuzimwa.

Hatua ya 8. Unganisha maboya kwa mpangilio usiovuja

Waya mmoja wa kila boya uende hasi. Mwingine uende mguu wa 4 kwa boya la juu na mguu wa 5 kwa boya la chini. Tatizo ni hili: INPUT_PULLUP inaweka rezista ya ndani ya kiloomu 20 hadi 50 kwenda VCC. Swichi ikiwa imefunga, mikroampea 66 hadi 165 zinapita kwa kila boya, usiku na mchana. Kifaa kinakula kidogo tangi likiwa tupu na kula sana likijaa, au kinyume chake, na fundi anahangaika kutafuta betri mbovu.

Fuata mpangilio huu kila kifaa kinapoamka, bila kubadilisha nafasi ya mstari wowote:

1. pinMode(4, INPUT_PULLUP);
2. delay(10);
3. soma mguu na uhifadhi jibu;
4. digitalWrite(4, LOW);
5. pinMode(4, OUTPUT);

Rudia kwa mguu wa 5. Mstari wa 4 lazima utangulie wa 5. Ukiipindua, mguu utatoa volti 3.3 moja kwa moja kwenye swichi iliyofungwa kwenda hasi, shoti ya muda mfupi lakini ya kila dakika 10.

Thibitisha: pima A hadi B boya likiwa limening'inia, kisha ukiwa umeliinua kwa mkono, kifaa kikiwa kimelala. Namba mbili zilingane ndani ya milivolti 0.1.

Hatua ya 9. Ongeza redio na uilaze kwa amri

Tumia nRF24L01+ yenye antena iliyochorwa kwenye bodi. Ile yenye antena ya kuchomeka na kikuza nguvu inaweza kudai zaidi ya miliampea 100 ikituma, na regulata hii haifiki huko. Lehemu kapasita ya mikrofaradi 10 kwenye miguu ya umeme ya redio, si mbali zaidi ya sentimita 1.

Kwenye programu, iite radio.powerDown() kabla ya kila usingizi. Redio iliyowekwa tayari bila kulazwa hula mikroampea 26. Iliyolazwa hula 0.9. Iliyoachwa ikisikiliza hula miliampea 13.5, na hilo ndilo kosa la kawaida zaidi kwenye vifaa vya aina hii.

Thibitisha: kati ya A na B, kikilala, isomeke milivolti 1.6 hadi 2.3. Kikiamka, namba ipande hadi volti 1 au 2 kwa muda mfupi, ishuke tena yenyewe. Isiposhuka, redio haikulala.

Hatua ya 10. Sanifisha kipimo cha betri, ondoa rezista ya kupimia, kisha kokotoa maisha

10.1. Tenganisha betri. Ng'oa rezista ya omu 100 na uunganishe A na B kwa waya. Unganisha betri.

10.2. Soma namba ya A0 inayofika kwenye redio ya ndani ya nyumba. Wakati huohuo pima betri kwa multimita. Gawanya volti kwa namba. Jibu ndilo kizidishi chako. Betri ya 12.5 inatakiwa kutoa namba karibu na 699, na kizidishi karibu na 0.0179. Weka onyo la kuchaji kwenye volti 12.1.

10.3. Kokotoa kwa mwezi wa saa 720. Mikroampea 67 za kuamka na 20 za kulala ni 87, yaani miliampea-saa 63 kwa mwezi. Sasa ongeza kitu ambacho hakimo kwenye ubao wako: betri ya asidi iliyofungwa hujivujia yenyewe takriban asilimia 3 kwa mwezi kwenye nyuzijoto 25. Asilimia 3 ya ampea-saa 7 ni miliampea-saa 210. Jumla 273. Nusu ya betri inadumu miezi 12 na zaidi kidogo.

Betri inajipotezea zaidi ya mara tatu ya kile kifaa kinachokula. Ukitumia LP2950 yenye matumizi ya ndani ya mikroampea 75, unapoteza kama miezi miwili. Ukihangaika kuzifuta mikroampea 10 za kigawa volti, unaongeza kama siku kumi. Lakini uvujaji wa betri huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzijoto 10. Betri iliyowekwa chini ya bati kwenye nyuzijoto 35 inadumu miezi 7. Kwa hiyo usiendelee kubana mikroampea. Ishushe betri kutoka darini, iweke sakafuni upande usiopigwa na jua la mchana, na uongeze urefu wa waya kadiri inavyohitajika. Fyuzi ibaki palepale, karibu na ncha ya betri.

10.4. Baada ya siku 30, pima volti za betri na ulinganishe na zilizoandikwa kwenye tepu. Zikishuka kwa chini ya 0.2, acha kifaa kiendelee. Zikishuka kwa zaidi, rudisha rezista ya omu 100 kati ya A na B na uanze tena Hatua ya 7.4.